Aliyeitikiwa Siku Kumi na Moja

Mwalimu wa kidato cha tatu aliita majina bila kuinua kichwa. Majina arobaini na mawili kwa dakika mbili, kalamu ikiteremka ukurasani, "Yupo! Yupo! Yupo!" mpaka mwisho, kisha daftari pu! Walimu wenzake walimbandika jina la Rejesta, naye akalipenda. Wanafunzi wengine wa shule ile ya kijijini walitembea saa nzima kufika, lakini darasa lake lilijaa kila siku. Angalau kwenye karatasi.

Siku ya mkutano wa wazazi, mkuu wa shule alitaka kumtuza kamusi mwanafunzi ambaye hakukosa hata siku moja muhula mzima. Rejesta akamteua Sindano, binti mwembamba wa dawati la nyuma, asiye na makuu. Jina likatajwa. Hakutokea mtu. Likatajwa tena, na sauti nene ya mvulana ikaitika kwa mazoea tu: "Yupo!"

Wazazi walicheka mpaka viti vikalia. Rejesta alitamani ardhi ipasuke immeze. Kumbe Sindano alikuwa hajaonekana kwa siku kumi na moja, na kila asubuhi wenzake walimwitikia kwa zamu, wakidhani wanamsitiri.

Alasiri hiyo Rejesta alipanda baiskeli kwenda kwa kina Sindano. Aliyemwelekeza njia ni Chiriku, msichana aliyekaa dawati moja na Sindano, ambaye siku hiyo midomo yake ilikuwa mizito. Mnyororo ulichomoka mara mbili mlimani. Alifika jasho likimtiririka, mikono myeusi kwa grisi, akamkuta bibi yake Sindano anachambua maharage mlangoni, na binti mwenyewe anafua.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umepotea njia?"

Rejesta akaeleza yote, pamoja na ile kamusi. Bibi akacheka mpaka akaweka ungo chini. "Asiyekuwapo na lake halipo, ndivyo nilivyofunzwa. Leo mjukuu wangu hayupo, na zawadi yake ipo!"

Sindano hakucheka. "Siku tatu za kwanza nilikuwa namuuguza bibi," alisema, macho kwenye beseni. "Ya nne nikaona aibu kurudi. Nikasema moyoni, akija mtu kuniulizia, nitarudi. Hakuja mtu, mwalimu. Nikajua basi, shule inaenda tu bila mimi. Jumatatu nahamia kwa shangazi, nikamsaidie dukani."

Maneno hayo yalimchoma. Alikuwa na visingizio chungu nzima, akavimeza vyote.

"Mimi ndiye niliyekuandika upo," alisema. "Sikuinua kichwa hata siku moja. Nimekuja kukuulizia, na nimechelewa siku kumi na moja. Nisamehe, mwanangu. Kesho?"

"Tutaona," alisema Sindano, akaendelea kufua.

Kesho yake Rejesta aliita majina akiwa amesimama, macho kwa watu. Aliweka utaratibu mpya: hakuna kujiitikia mwenyewe. Wa dawati moja ndiye aliyemsemea mwenzake, tena kwa habari: "Yupo, ila viatu vimeloa." "Yupo, dada yake kajifungua." Asipokuwapo mtu, wawili wa njia yake wangempitia nyumbani siku hiyo hiyo. Kazi ya dakika mbili ikala kumi, na mwalimu wa hesabu akanung'unika mlangoni. Majina yalikuwa yamekaribia mwisho Sindano alipoingia, vumbi mpaka magotini.

"Yupo!" Chiriku alipiga kelele. "Na kachelewa!"

Darasa zima likapiga makofi, na Rejesta akajifanya anatafuta kalamu.

Wiki ya tatu homa ilimwangusha. Aliishi peke yake kwenye nyumba ya walimu, na kwa miaka tisa hakuna mwanafunzi aliyewahi kubisha hodi pale. Saa saba mchana hodi ikabishwa. Walikuwa Sindano na Chiriku, wameshika chupa ya uji na rejesta.

"Hukuja, mwalimu," alisema Sindano.

"Nani kaita majina?"

"Sisi. Na wewe tumekuandika, hayupo."

"Kuna mmoja kakuitikia kule nyuma," Chiriku akadakia. "Tumemzomea huyo!"

Rejesta alicheka, na kicheko kikamtoa machozi, hakuyaficha. Alifurahi mpaka akasahau kichwa kinachomgonga. Sindano alimmiminia uji, akamsubiri amalize kikombe kizima.

"Kesho?" akamuuliza.

"Kesho," alisema mwalimu.