Upande wa Kushoto wa Usinune

Mume wangu Kasmir hanywi pombe. Naanza na hilo kwa sababu mtaa wetu wote wa Milanzi unalijua, na ndiyo maana kiangazi kile aliporudi nyumbani anapepesuka, nilijifunga kanga kiunoni kabisa, tayari kwa vita. Mwanamume aliyekataa kimpumu, pombe yetu ya ulezi, siku ya harusi yake mwenyewe, wajomba zangu wamemshikia mrija wanambembeleza, leo ndiyo aje kujifunza ulevi na mtoto yuko darasa la sita? Nikamwambia apumue nimnuse. Akapumua. Hakunuka pombe hata kidogo, alinuka gereji.

Zilikuwa enzi za ruksa, biashara zilipofunguliwa. Magari yaliyokwisha tumika huko ng'ambo yalianza kupanda mpaka huku kwetu Ufipa, na kila aliyekuwa na maduka mawili alitaka na basi juu yake. Yalifika yamekwaruzika, yana maandishi ya watu tusiowajua, na kila mwenye gari alitaka lipakwe upya ling'ae kuliko la jirani. Kasmir ndiye alikuwa fundi rangi wa gereji ya mzee Felisiani pale Chanji. Sisemi kwa kuwa ni mume wangu, lakini mkono wake ulikuwa mwepesi. Akikupigia rangi gari, unajitazama humo unachana nywele.

Shida ya Sumbawanga ni upepo. Kiangazi upepo wetu una hasira, unazoa vumbi la barabara nzima unalileta mlangoni kwako, na rangi mbichi ikilipata vumbi hailiachi tena. Kwa hiyo mzee Felisiani alijenga chumba cha kupigia rangi, kikubwa cha kuingia basi zima, na sifa yake kubwa ilikuwa kwamba hakina hata tundu. Madirisha yamezibwa kwa magunia, chini ya mlango wamesokomeza matambara. Kasmir anaingia humo na rangi yake aliyoizimua kwa thina, anafunga leso puani, anakomea mlango kwa ndani mtu asije akaufungua, anapuliza tangu asubuhi mpaka mchana.

Kwamba thina ni sumu, walijua. Pipa lenyewe lilikuwa na picha ya fuvu na mifupa miwili, ungehitaji kuwa kipofu usielewe. Lakini mafundi wetu walikuwa na dawa yao: maziwa. Fundi rangi akinywa maziwa, sumu inashikwa, inatoka. Ndivyo Kasmir alivyofundishwa na aliyemfundisha kazi, na huyo naye alifundishwa hivyo hivyo. Basi mimi kila siku mchana nilikuwa napita kwa jirani yangu Rahel, nachukua maziwa kwenye kopo, natembea mpaka Chanji nampelekea mume wangu dawa yake. Wanawake wa Chanji walinionea wivu, wakasema Luciana anampenda mumewe. Ni kweli, nampenda, sina haja ya kuficha.

Sasa kule kupepesuka kukawa na ndugu zake. Kasmir akaanza kucheka peke yake, kicheko kizuri tu, ila hakina sababu. Akamaliza kula ugali, akanawa, kisha akaniuliza kama leo hatuli. Siku moja alimwita binti yetu Evodia kwa jina la shangazi yake aliyekufa zamani, akamwita hivyo jioni nzima, na mtoto akawa anaitika kwa adabu huku ananitazama mimi. Nilimwambia Kasmir kile chumba kinamla. Akasema ni kweli kazi imezidi, kwa hiyo niongeze maziwa. Nikaongeza.

Rahel ni Msukuma. Yeye na mumewe wana ng'ombe wachache hapa Milanzi, kundi lenyewe liko bondeni, Ilemba. Ni mwanamke wa maneno machache na vicheko vingi. Nilipoenda na kopo kubwa zaidi aliniuliza kama tumepata wageni, nikamweleza habari yote, ya thina na maziwa. Aliacha kumimina. Akanisimulia kwamba mwaka uliopita, kule Ilemba, ng'ombe wao bora wa maziwa alikosea hatua kwenye josho, akatumbukia kichwa kizima na kuyagugumia yale maji ya dawa ya kupe. Kabla jua halijatua alikuwa amekufa, na kiwele chake kimejaa maziwa tele.

"Mama Evodia," akasema, "kama maziwa yangekuwa yanazuia sumu, si ng'ombe ndiye angekuwa wa kwanza kupona?"

Nilikuwa nimeyabeba yale maziwa kiangazi kizima na wala swali hilo halijanipitia kichwani.

Jioni nikampelekea Kasmir swali lile kama lilivyo. Alicheka mpaka machozi yakamtoka, safari hii kwa sababu. Akasema ng'ombe wa Kisukuma na fundi wa Kifipa ni vitu viwili tofauti. Nikamwambia afungue madirisha. Akasema nataka alifungulie vumbi mlango, si ndiyo? Basi la mzee Felisiani mwenyewe ndilo lilikuwa chumbani. Lilikuwa la buluu, jina lake Usinune, lilitakiwa kubarikiwa na padri Jumapili baada ya misa na Jumatatu lianze safari ya Mbeya. Upande wa kulia ulikuwa umekauka, unang'aa kama kioo, umebaki wa kushoto. Akimaliza hilo, akaniahidi, atapumzika. Sikio la kufa halisikii dawa. Nililala nimempa mgongo.

Jumamosi nikaamua. Nilienda Chanji bila maziwa. Nilibeba kopo tupu, kwa makusudi kabisa, nimpe mkononi aone. Nilijua Kasmir anaiogopa thina kuliko anavyokiri, na bila maziwa atalazimika kufungua madirisha, au angalau tutagombana vizuri. Njia nzima nilikuwa napanga maneno.

Gereji ilikuwa tupu, wenzake wamekwenda kula kwa mama ntilie wa jirani. Mlango wa chumba umefungwa. Kompresa ipo nje ukutani, na kilichonisimamisha ni kwamba ilikuwa kimya. Ile mashine huwa hainyamazi fundi akiwa kazini. Anapuliza, upepo unapungua, inanguruma kujaza, anapuliza tena. Ikiwa kimya, hakuna anayepuliza. Nikangoja ingurume. Haikunguruma.

Nikagonga. Nikaita kwa jina la mtoto, nikaita kwa jina lake, nikaita kwa ukoo wake. Halafu nikasikia anaimba mle ndani, taratibu, wimbo wa Kifipa wa kupura ulezi ambao mama yake alikuwa akiuimba. Alikuwa anaurudia mstari mmoja tu. Kisha akauacha katikati.

Maneno yote niliyopanga yalinitoka. Niliokota nyundo ya kunyoosha bodi, nikaenda dirisha la kwanza, nikalipiga. Nikavuta gunia, likanasa, nikalivuta na dua zote ninazozijua. Nikaenda la pili. Harufu iliyotoka pale ilinipiga usoni mpaka nikaona giza, nikarudi nyuma. Upepo wa Sumbawanga, ambao maisha yangu yote nimeulaani, ukaniacha pembeni ukaingia wenyewe. Uliingia na vumbi lake, majani yake, na maganda ya karanga ya kwa mama ntilie.

Kelele zangu zikamleta Timoth, fundi wa bodi, mbio, mdomo umejaa wali na sigara inawaka kidoleni. Sigara! Nilimpiga kofi mkononi, sigara ikaruka barabarani. Sijui gereji, lakini thina na moto hata mtoto anajua. Akanielewa. Akauvunja mlango kwa bega, nami nikamwambia tungoje kwanza upepo upite, tukahesabu pumzi chache pale nje na kila moja iliniuma, kisha tukajifunga kanga zangu puani tukaingia.

Kasmir alikuwa ameketi sakafuni, ameegemea gurudumu, bomba la rangi limemlalia mapajani, anatabasamu. Pembeni yake kulikuwa na kikombe cha maziwa. Alikuwa amejinunulia mwenyewe. Alikuwa ameyanywa nusu, na ile nusu iliyobaki ilikuwa na ukoko wa buluu juu yake.

Tulimburuta mpaka uani, tukamlaza upepo unakopita. Alitapika. Alifumbua macho, akanitazama muda mrefu, kwa upole, jinsi mtu anavyomtazama mgeni asiyetaka kumvunjia heshima.

"Shikamoo mama," akaniambia. "Wewe ni nani?"

Nimezika wazazi wangu wote wawili, lakini sijawahi kuumia kama nilivyoumia pale. Nilimshika mkono wenye rangi, nikamwambia mimi ni Luciana, binti wa Adriano, nimezaa nawe, tunakaa Milanzi, nyumba yenye mlango wa kijani ulioupaka wewe mwenyewe. Nikarudia. Timoth aligeuka akatazama ukuta. Nikarudia tena. Sijui nilirudia mara ngapi. Hatimaye uso wake ukakunjamana, akainua kichwa kutazama kule chumbani.

"Mama Evodia," akasema, "nani kafungua madirisha? Rangi yangu."

Nikacheka na kulia kwa pamoja, kamasi mpaka kidevuni, sikujali nani ananiona.

Mzee Felisiani alifika amevaa kofia ya misa ingawa ilikuwa Jumamosi. Aliuona upande wa kushoto wa basi lake na vumbi lote la Chanji limeganda juu yake, na ganda la karanga karibu na taa, akaanza kunguruma kuliko kompresa. Nilimwamkia shikamoo kwanza, maana sikulelewa porini. Akaitika marahaba. Kisha nikampa kile kikombe cha maziwa mkononi, nikamwambia ayanywe, kama kweli ni dawa. Aliutazama ule ukoko. Akamtazama Kasmir, aliyekuwa anatetemeka kwenye koti la Timoth. Akakiweka kikombe chini na hakusema tena habari ya rangi. Heri nusu shari kuliko shari kamili, na mzee yule ni mfanyabiashara, hesabu hiyo anaijua.

Tulipomfikisha zahanati, muuguzi Bertilla alimsikiliza kifua na kumkaripia kwa wakati mmoja. Alisema maziwa yanakwenda tumboni, na ile sumu haipiti tumboni, inaingia kwa pumzi na kupanda kichwani, kwa hiyo ni sawa na kufunga mlango wa mbele mwizi kaingilia wa nyuma. Na leso haizuii kitu. Kasmir alikaa nyumbani mpaka kichwa kikamtulia. Siku aliyomwita Evodia kwa jina lake bila kusita, nilienda jikoni nikapiga magoti.

Sasa pale gereji wanapigia rangi nje, chini ya bati lisilo na ukuta. Wanaanza alfajiri, upepo wetu ukiwa bado umelala, na kabla ya hapo wanamwaga maji uani vumbi litulie. Thina inafunikwa wakati wote. Mzee Felisiani ameagiza kutoka Mbeya maski zenye chujio, na Kasmir akiivaa anafanana na nguruwe pori, nami namwambia. Mikono inaganda kwa baridi, rangi inachelewa kukauka, ananung'unika kila siku. Maziwa bado nayachukua kwa Rahel. Tunayatia kwenye chai.

Usinune lilibarikiwa Jumapili ile ile jinsi lilivyo, likaanza safari Jumatatu. Kulia kioo, kushoto msasa. Abiria wanalalamika kwamba linawakwaruza nguo. Kasmir akiliona stendi hugeukia pembeni, ufundi wake unamuuma, na mara mbili ameomba aruhusiwe kuusugua ule upande aupake upya. Mara zote mbili nimemkatalia mimi, na mzee Felisiani, kwa mshangao wa watu wote, yuko upande wangu.

Nikiwa na shughuli stendi hupita kushoto kwa basi lile nikaliwekea kiganja. Linakwaruza. Najua vizuri lile vumbi liliingilia wapi, maana pumzi ya Kasmir iliingia kwa dirisha lile lile.