Mayai Kumi Kifuani pa Fundi

Mume wangu amejenga nusu ya nyumba za mtaa huu, na kila mtu anamwita Fundi, hata mimi. Miaka thelathini amepanda majukwaa ya mbao na ndoo ya zege mkononi, hajateleza hata siku moja. Akaja kuanguka jikoni kwangu, kutoka kwenye kiti, akipigilia msumari wa kutundikia kapu ambamo kuku wangu angeatamia.

"Nimepiga plasta kuta za watu miaka yote hiyo," alisema hospitalini, akiutazama mguu wake uliofungwa plasta ngumu toka wayo hadi pajani, "leo nimepigwa mimi."

Huo ulikuwa mzaha wake wa mwisho. Daktari aliagiza wiki sita kitandani, chali, asigeuke, na ucheshi wote ukamwishia. Nikimletea chai, anasema nisijisumbue, yeye ni mzigo tu. Nikimwogesha, anaangalia ukuta. Siku ya kwanza nilimbembeleza, ya pili nikambembeleza, ya tatu nikamwambia kama yeye ni mzigo basi mimi ni punda, tuishi hivyo hivyo. Sina ulimi wa asali, najijua.

Nilikuwa na uchungu wangu mwingine. Siku nilipoolewa, mama yangu alinipa kuku mmoja, kishingo, wale wenye shingo isiyo na manyoya. Watu huwacheka. Mama aliwasifu kuliko wajukuu wake. "Hawachagui chakula, hawaogopi joto," alisema, "na mwewe akiwaona anadhani kuna mtu keshaanza kuwanyonyoa." Mama amekufa, lakini uzao wa kuku yule haukukatika bandani mwangu miaka thelathini na mmoja. Kisha mwishoni mwa baridi iliyopita kideri kikapiga hodi, na ugonjwa ule hauachi salio. Nilizika kuku ishirini na wawili. Jogoo alikuwa wa mwisho kufa. Nikabaki na kuku mmoja na mayai kumi na moja, basi.

Dada yake Fundi, wifi yangu, anakaa nyuma ya ua wetu na anafuga kuku wa mashine, ile ya kutotolesha mayai. Alinishauri mara nyingi nichanje. Nikamjibu kwamba kuku wa mama hawajui sindano. Nilisema hivyo kwa kinywa changu, mbele ya watu. Kiburi changu ndicho kilichowaua, sitamsingizia mtu.

Baridi ilipolegea na majani mapya yakachomoza uani, kuku wangu aliingia kapuni akaatamia. Nilikuwa nachora mstari wa mkaa ukutani kila asubuhi. Siku ya kumi na nane akatoka kunywa maji. Nilisikia ukelele mmoja tu, nikatoka mbio na mwiko mkononi, nikakuta manyoya manne chini na mwewe anapita juu ya paa la wifi. Mwewe yule hakuwa amemsikia mama.

Mayai yalikuwa bado na moto. Niliyafunga kwenye shali, nikayatia kifuani ndani ya sweta, nikaenda kwa wifi. Hatua arobaini tu, lakini sijawahi kutembea safari ndefu kama ile.

"Wifi, naomba unitilie haya kwenye mashine."

Aliyatazama, akanitazama. Hakunisimanga. Afadhali angenisimanga.

"Wifi yangu, yaliyomo ndiyo yanaanza kupasuka," alisema. "Nikifungua mlango sasa hivi, unyevu wote unatoka, vifaranga mia mbili wananikaukia ndani ya maganda. Kesho kutwa nitakufungulia."

"Kesho kutwa haya yatakuwa mawe."

"Basi yakae hapo hapo kifuani."

Kifuani! Mimi nina ng'ombe wa kukamua, maji ya kuchota, jiko, na mwanamume wa kuogesha. Niliinama mara moja tu kuokota kuni, yai moja likapasuka. Nikakaa chini pale pale nikalia kwa sauti. Sikuwa nalilia yai, nilikuwa namlilia mama.

"Kuna nini tena huko?" Fundi aliuliza kutoka chumbani.

Niliingia nimjibu, nikasimama mlangoni. Alikuwa amelala chali, mto kichwani, mikono juu ya blanketi, wiki ya nne hiyo hajageuka. Katika mtaa mzima hakukuwa na mtu mwingine ambaye daktari alikuwa amemwandikia asigeuke.

"Fundi," nikasema, "fungua shati."

"Umeanza kuchanganyikiwa."

"Fungua vifungo, mayai yanapoa."

"Nitayavunja, mwanamke wewe!"

"Kuku havunji yai lake."

"Mimi ni kuku?"

"Kwa siku tatu tu."

Nilimpangia yote kumi, mengine tumboni, mengine kifuani, nikamfunga shali kiunoni yasiteleze, nikamwekea chupa za maji ya moto kila upande na blanketi juu. Alikakamaa kama mtu aliyebebeshwa vyombo vya kuazima. Saa ya kwanza alilalamika. Saa ya pili aliuliza kama chupa ya kushoto haijapoa. Jioni akanifokea nifunge dirisha, "Huoni kuna upepo hapa?" kwa sauti ile ile aliyokuwa akiwafokea vibarua wake. Nilifunga dirisha, nikaenda kucheka jikoni. Ilikuwa wiki nne sijaisikia sauti ile.

Kesho kutwa yake, waashi wawili anaofanya nao kazi walikuja kumjulia hali. Niliwapa chai.

"Fundi, hata mkono hutupi?" mmoja akauliza.

"Niko kazini," akajibu.

Wakatazamana. Mara shati lake likalia, pii, pii. Mwashi yule akaweka kikombe chini taratibu.

"Fundi, shati lako linaongea."

"Punguzeni sauti, mnawatisha." Aliinamisha kidevu, akauliza kwa upole, "Hodi humo ndani?" Na shati likamjibu. Huyu mtu nimemwona akikabidhi nyumba za ghorofa, wenye mali wakimpigia makofi, lakini uso kama ule sikuwahi kumwona nao.

Wifi naye akaingia, jasho linamtoka. Vifaranga wake walikuwa wameshatoka, mashine ilikuwa tupu, akasema tulete mayai haraka.

"Dada yangu, asante," Fundi akasema. "Lakini mimi sikabidhi kazi nusu."

Nilifungua mdomo nimgombeze, kwa sababu mayai yalikuwa ya mama yangu, si ya mama yake. Halafu nikaona jinsi alivyoyafunika kwa viganja vyake viwili vilivyokauka kwa saruji. Nikaenda kumbadilishia maji ya chupa.

Walianza kutoka asubuhi iliyofuata. Hadi mchana walikuwa wanane, wanamtembelea shingoni na kwapani, naye anacheka asithubutu kutikisika. Wa tisa alitoboa tundu dogo, akatoa ncha ya mdomo, akakwama. Nilingoja, nikangoja, mwishowe nikanyoosha ukucha nimsaidie. Fundi akanishika mkono.

"Mwache. Zege ukiliharakisha, linapasuka."

Mimi, mfugaji wa miaka thelathini na mmoja, nafundishwa kuku na mwashi! Na alikuwa sahihi, ndiyo maana niliudhika. Tulikaa tukilitazama yai lile. Alasiri ganda likagawanyika, akatoka kifaranga amelowa, shingo wazi kabisa, akaanguka juu ya kifua cha mume wangu akalala. Machozi yalimtoka Fundi yakamwingia masikioni, maana alikuwa chali.

"Mke wangu," alisema, "siku hizi tatu sikuwa mzigo."

"Hukuwa mzigo hata siku moja," nikamwambia. Na kwa mara ya kwanza maishani sikuongeza neno.

Yai la kumi halikufunguka. Nililizika karibu na wale ishirini na wawili. Wifi alipokuja na chanjo, niliwashika vifaranga mimi mwenyewe, mmoja mmoja. Kumbe haina hata sindano, ni tone moja la jichoni. Nilimwomba radhi, akanikumbatia.

Sasa plasta imekatwa, na Fundi anatembea kwa fimbo. Nikiwaita vifaranga kwa chenga za mahindi, wananitazama kama jirani. Yeye akikohoa tu, wanakuja mbio wote, saba kati yao shingo wazi, wanamfuata msururu mpaka chooni. Sijifichi, naona wivu.

Jana wale waashi walipita barabarani wakitoka kazini, wakamwona uani na kundi lake.

"Mama Kuku!" wakamwita. "Unarudi lini?"

Fundi akainua fimbo. "Kuku mwenye watoto halengwi jiwe! Wakikua nitarudi!"

Wakaangua kicheko, na mimi nikatoka mlangoni na mwiko wangu.

"Chekeni mpaka mchoke," nikawaambia. "Mimi nilimzalia watatu nikajiona nimemaliza. Huyu kanizalia tisa, tena kwa mguu mmoja."