Ugali wa Mtu Mmoja

Nyumba aliyojengewa Lusia na mwanawe Marcel mjini Geita ina marumaru, maji ya bomba na ukuta mrefu kama wa gereza. Aliletwa humo kutoka kijijini Shinyanga alipofiwa na mumewe, na ndugu wote wakasema kaula. Kweli, alipata kila kitu isipokuwa mtu wa kula naye.

Kwao hakuna anayekula kwa kujificha. Ugali hutolewa uani, na mpita njia huitwa, akanawa, akamega. Tangu aolewe, Lusia alikuwa hajawahi kupika ugali wa mtu mmoja, na mkono wake ulikataa katakata kujifunza. Kila siku alisonga wa watu watano, akala matonge matatu, akamwaga uliobaki huku machozi yanamtoka.

Jumatatu moja alichoka. Akabeba kigoda, sinia la ugali na bakuli la dagaa wa Nkome, akakaa nje ya geti.

"Nzugi tulye! Karibuni chakula!"

"Asante mama, tumeshiba," walijibu watu wa mjini, wakakaza mwendo. Mmoja alimwekea sarafu kando ya sinia.

Siku ya nne Zuhra, mwenye duka la jirani, alisimama. Moyo wa Lusia ukaruka kwa furaha.

"Shikamoo, Mama Marcel."

"Marahaba, mwanangu. Nawa basi."

"Nimekula, mama."

Jioni Zuhra alimpigia Marcel simu kumwambia mama yake anaombaomba barabarani. Alikuwa na nia njema, Mungu amsamehe.

Marcel naye akampigia mama. "Unaniaibisha, mama! Mimi nashindwa kukulisha?"

"Chakula ninacho, baba. Njoo tule."

"Niko machimboni Rwamgasa. Kazi imebana."

Kesho yake bodaboda alishusha gunia la mchele, ndoo ya mafuta na kufuli jipya. "Bosi kasema geti lisikae wazi," alisema.

"Kaa kidogo ule, mwanangu. Kimeshaiva."

"Abiria ananisubiri, mama."

Lusia akafunga geti mwenyewe. Mchana uliofuata alichukua kikombe cha chai, akapima unga kikombe kimoja tu, akasonga. Ukatosha kabisa; halikubaki hata tonge la kumwaga. Mkono ulikuwa umejifunza. Lusia alitazama sinia tupu, akalia kuliko alivyolia siku ya kumzika mumewe, kisha akaosha vyombo.