Kidevu cha Mama Mkwe

...unaning'inia, mkanda wa helmeti unaning'inia kando ya shingo ya mama mkwe, unachezeshwa na upepo kama ulimi wa mbwa aliyechoka, na nilikuwepo mimi, asije mtu akasema nimesimuliwa, nilichuchumaa mbele ya banda langu la pancha, tairi mapajani, ng'ambo tu ya barabara, nikaona yote, ya nje na ya ndani, maana kichwa cha mwanamume aliyekwama ni kama nguo kwenye kamba, kila apitaye anaona viraka vyake, na kichwa chenyewe kilikuwa cha Kobe, dereva wa bodaboda, mkwe mwenyewe, amesimama kando ya pikipiki yake nje ya duka la ushonaji la mama mkwe wake, asubuhi kweupe, injini inaunguruma, mama keshapanda nyuma, kapanda kama mwanamume, mguu huku mguu kule, ndani ya gauni kavaa suruali ya marehemu mumewe, koti la abiria limemfika magotini, helmeti kichwani, na anasema, "Twende, mkwe wangu, mjukuu ananingoja," na Kobe anasema, "Ndiyo, mama," na haendi, ataendaje, mkanda huo hapo, na alivyojipanga leo, Mungu wangu, alivyojipanga, kaamka kaisugua ile helmeti ya abiria kama sufuria ya sherehe, kaipulizia ndani manukato ya mkewe ili mama mkwe asikutane na harufu za vichwa vya watu, mkewe akicheka kitandani na kichanga kifuani, kifungua mimba wao, anamwambia, "Unaenda kumchukua mama au unaenda kumposa?" na yeye akajibu kwamba abiria kama huyu habebwi na dereva yeyote, anabebwa na mimi, mimi ambaye toka nianze kazi hii hakuna abiria aliyeteremka kwangu akiwa amepungua hata kucha, na ni kweli, hilo hata maadui zake hawalikatai, hata wale pale kijiweni, hao wanaomtazama sasa hivi wakiwa wamelalia matangi ya pikipiki zao kama mijusi juani, vifua wazi, kandambili miguuni, ndio waliompa hilo jina, Kobe, kwa sababu ya koti lenye gamba gumu mgongoni, na magamba ya magotini, na buti, na glavu hata jua likiwa la kupasua mawe, "Kobe, unapika nini humo ndani?" nao hujibiwa, "Napika wivu wenu," "Kobe, kwa mwendo huo utafika mwakani!" nao hujibiwa, "Mimi nafika, nyinyi mnafikishwa," na yule mwembamba wao, mjuaji, hupenda kumwambia kwa sauti ya mtu anayetoa hekima bure, "Ajali haina kinga, ndugu yangu," na Kobe humuuliza, mvua nayo haina kinga, mbona nyumba yako umeiezeka? ... na kijiwe chote huangua kicheko, na kesho yake wanarudi vilevile na kandambili zao, basi, sikio la kufa halisikii dawa, lakini yeye alijichorea kobe kwenye tangi la mafuta, tena kobe mnene anayecheka, maana jina la kukutukana ukilivaa mwenyewe linakuwa suti...

"Mkwe, kuna shida?" "Hakuna, mama, naacha injini ipate joto," injini imepata joto zamani, ungeweza kukaangia yai, ni yeye aliyepoa, kwa sababu alikwisha kusema, kwa adabu zote, macho kwenye vumbi, "Mama, huo mkanda ubane chini ya kidevu, hicho kibanio kikiingia sawasawa utakisikia, tak," na mama akapeleka mikono, mikono ikahangaika kule chini ya kidevu, ikapapasa, kibanio kikateleza, kikateleza tena, mikono ikashuka mapajani, akacheka kidogo na kusema, "Imekaa hii, kichwa changu kikubwa, haitoki," na hilo neno, haitoki, lingekuwa neno lingine Kobe angepiga gia na kuondoka, lakini haitoki, lo, haitoki ndilo lilikuwa neno la Ndevu, neno lenyewe kwa herufi zake, Ndevu aliyemfundisha pikipiki, Ndevu mwenye ndevu za kuombwa picha, alizichana kila asubuhi kwenye kioo cha pembeni cha pikipiki, helmeti alivaa, si kwamba hakuvaa, alivaa kama taji, ila mkanda hakufunga kwa kuwa kibanio kilimng'ata ndevu, na Kobe alimwambia jana, akamwambia juzi, akamwambia mpaka wakamwita mke mwenza, "Ndevu, funga," "Imekaa hii, haitoki," halafu siku moja tu, wala hakuwa mbio, mtu akafungua mlango wa gari bila kutazama nyuma, helmeti ikatoka kabla ya mwenyewe kufika chini, ikadunda, ikabingirika barabarani mpaka mbele ya hili banda langu, ikasimama kifudifudi kama bakuli lililosafishwa, nzima, nzima kabisa, hata stika ya simba haikuchubuka, na Kobe alikuja kuiokota hapa miguuni pangu, akaigeuzageuza, akitafuta walau ufa, angepata ufa angefarijika, akanitazama akasema, "Fundi, kofia imepona," halafu akakaa chini kwenye tairi zangu... kusema alisema, hakuna wa kumlaumu, alisema hata mate yakakauka, ila mdomo haufungi mkanda, mkanda hufungwa na vidole...

...na yeye mwenyewe si alianguka, tena vibaya kuliko Ndevu, pale kwenye mzunguko, lori lilipomwaga dizeli, pikipiki ikamtoka chini kama mkeka uliovutwa na mtoto mtundu, akateleza kwa ubavu, kwa kiwiko, kwa goti, safari ndefu, anavyosimulia ni kwamba alipata hata nafasi ya kuwaamkia watu waliosimama pembeni, shikamoo mzee, akapita, na lami ikalitafuna koti kama mbuzi aliyekuta kamba ya nguo, ikatafuna kiwiko, ikatafuna glavu, ikashiba kwenye ngozi ya koti isifike ngozi ya mtu, helmeti ikapasuka upande kwa niaba yake, akainuka, akajipapasa kutafuta jeraha kama mtu anavyojipapasa kutafuta funguo, wapi, akaona haya mbele ya watu waliokwisha kuanza kumlilia, na jioni ile mkewe akalibeba lile koti kama maiti mpaka kwa mama yake, na mama mkwe, fundi wa mafundi, akakitia kiwiko kiraka cha ngozi, kwa sindano ya mkono maana cherehani haikupenya unene ule, na tangu siku hiyo Kobe hutembeza kiwiko kijiweni kama mtu anayetembeza mtoto, tazameni mshono huo, rula inasingiziwa, tazameni, nani kati yenu mkwewe amemshonea nini...

"Kobe!" wanapiga kelele kule, "leo umebeba hakimu, mbona kesi haiondoki?" na yule mwembamba, "Mfunge kamba mama asipae!" wanacheka, na jasho linamshuka Kobe ndani ya gamba, mfunge, anasema mfunge kana kwamba ni mzigo wa kuni, huyu ni mama mkwe, jamani, mama mkwe, yeye akiingia kwa mlango wa mbele Kobe hutokea wa nyuma, wakisalimiana kila mmoja anaisalimia sakafu, kiti alichokalia hakikalii hata kikiwa kimepoa, miaka yote hii hajawahi kumtazama mpaka kwenye paji la uso, hajui hata kama ana kipele, sasa amshike kidevu? ... kidevu, barabarani, mbele ya kandambili zote hizi? ... amwite muuza duka wa jirani amfungie, muuza duka kafunga leo, amwite binti yake aje, binti ana kichanga, amkodie gari, na yeye Kobe afuate nyuma na helmeti yake ya manukato kama mjinga wa harusi, amwambie ajaribu tena, hilo ndilo, hilo halina aibu, "Mama, jaribu tena kidogo," anafungua mdomo aseme, anainua mkono afute jasho kwanza, na kiwiko kinampita mbele ya macho, kiraka, mshono... na mshono haukunyooka...

haukunyooka, sindano moja ndefu, moja fupi, moja imekwenda kando, ikarudi, imepita tundu moja mara mbili, kama nyayo za mlevi anayetafuta mlango wake, na kile kiraka amekitembeza kwa watu wote hao akisema rula, rula gani, hajawahi kukitazama, mwenye sifa hana macho, na sasa anakumbuka mama alivyomkabidhi koti siku ile, akiwa ameficha mkono chini ya mtandio, akasema, "Usikitazame sana, mradi kimeshika," na yeye akadhani ni unyenyekevu wa mafundi, na leo, mle dukani, kupitia mlango ulio wazi, cherehani imefunikwa shuka, shuka ina vumbi, vumbi la shuka si la leo... anashusha macho, si mpaka usoni, hapana, adabu ipo, mpaka mapajani tu, pale mikono ilipotua, na anaviona vidole, viungo vimevimba kama mafundo ya kamba, vimepinda, kidole cha shahada kinatazama upande wake na cha kati kinatazama upande wake kama ndugu waliogombana, vidole vilivyowavalisha watu wa mtaa huu wote, na ndivyo hivyohivyo, vikiwa hivyohivyo, vilivyokaa na ile ngozi ngumu na kuichoma na kuichoma ili lami isimle mume wa binti, na hajamwambia mtu, binti hajui, angejua angesema, mama amenyamaza na amefunika cherehani na asubuhi anafungua mlango wa duka ili mtaa uone duka li wazi... basi si kwamba hataki kufunga mkanda, jamani, na mimi huku niliona kifua cha Kobe kikipanda ndani ya lile koti kama mkate wa hamira, alikuwa amejisifia mshono ulionyooka, mshono wa kawaida ambao fundi yeyote ana uwezo nao, kumbe alichovaa kiwikoni ni kitu ambacho hakuna mkwe yeyote pale kijiweni atakaa akivae...

na ndiye mama huyohuyo aliyemkataa Kobe mwanzoni, "Binti yangu sikumlea aje awe mjane wa barabarani," mpaka Kobe alipokuja mwenyewe na magamba yake yote, jasho hadi kwenye soksi, helmeti kwapani, na mama hakumtazama uso, alishika mkono wa koti, akaupindua, akakagua bitana, akavuta mshono kuona kama unaachia, kisha akamwambia kaka yake aliyekaa pale, "Huyu anaiogopa barabara, anayeiogopa barabara hurudi nyumbani," posa ikapita kwa koti, si kwa maneno, alimpima kama kitambaa akamkubali, na leo huyohuyo anataka kwenda kumpakata mjukuu huku kichwa kimewekewa helmeti kama sufuria iliyofunikwa kwa sahani, ikitikisika tu, sahani hiyo... hapana, hapana, si kwenye pikipiki yenye kobe, lakini akisema "nikufungie mama, naona vidole vinakusumbua," atakuwa amemvua nguo hapa barabarani, kijiwe kizima kitajua, mtaa utajua kabla ya adhuhuri, na akinyamaza, basi amenyamaza, Ndevu naye alikuwa mkubwa wake, hakumfungia, heshima ni heshima, lakini heshima ikikaa kichwani bila mkanda, si itabingirika tu?

...na hapo ndipo uso wake ulipobadilika, niliuona, ule uso wa mwongo anayekaribia kusema uongo mzuri, akavua glavu, ya kulia, kisha ya kushoto, akazichomeka mfukoni, akajifuta viganja kwenye suruali kama mtu anayeingia mahali pasafi, kijiwe kikainuka kutoka kwenye matangi, hata yule mwembamba, na Kobe akasema kwa sauti ya kufika mpaka kwangu, sauti ya tangazo, "Mama, samahani sana, nilisahau kukwambia, kwenye kampuni yetu abiria haruhusiwi kujifunga mwenyewe, mkanda hufunga dereva, abiria yeyote, hata awe waziri, ndiyo sheria," kampuni ipi, kampuni ni yeye na pikipiki na kobe wa kwenye tangi, na kila siku abiria wake wanajifunga wenyewe, mimi ni shahidi, lakini alisema bila kupepesa, kwa majivuno yote aliyojaliwa, na kwa mara ya kwanza nilimwona Kobe akijivunia kitu bila kukionyesha, kiwiko kimebanwa ubavuni, kiraka kimeelekea ndani, injini bado inaunguruma, mkanda bado unaning'inia, upepo uleule, mikono mitupu ya mkwe iko hewani, haijagusa, haijarudi, na mama mkwe akamjibu, "Sheria ni sheria, mwanangu, funga"...

na hapo, nikiri, nimetia chumvi, ni hapo tu, mengine yote yako kama macho yangu yalivyoyapokea, ila hayo maneno ya mama ni yangu mimi, nimeyaweka kwa kuwa niliona kimya kile kilikuwa kikubwa mno kuachwa kitupu, mama hakusema neno. Aliinua kidevu.