Vidole Vilivyocheza

Ildephonse alipoanguka kutoka juu ya mchikichi kule Runingu, alilala chali akajaribu kuchezesha vidole vya miguu. Vilicheza vyote. Kisha kaka yake mkubwa, Bruno, akaja mbio akilia, akamshika makwapani, akamnyanyua na kumbana kwenye pikipiki kati yake na dereva. Wakakimbilia Uvira kwa barabara ile ya mashimo matupu. Walipofika, miguu haikusikia tena kitu.

Daktari alisubiri Bruno atoke kwenda kununua dawa.

“Mfupa wa mgongo ulivunjika ulipoanguka,” akamwambia Ildephonse. “Ila mshipa uliomo ndani yake umekatikia njiani. Ungelazwa juu ya ubao, bila kukunjwa, pengine ungetembea.”

Tangu hapo Bruno hakosi hata asubuhi moja. Humwogesha mdogo wake, humgeuza asipate vidonda, humpaka mawese mgongoni. Wageni wakija, huwasimulia kwa fahari: “Ni minye nilimubeba. Ningekawia kidogo, tungemuzika.”

Kisha humgeukia Ildephonse athibitishe.

“Ni kweli, yaya, kaka yangu,” Ildephonse hujibu. “Weye uliniokoa.”

Machozi yakimtoka, Bruno humfuta kwa kiganja, akidhani ni ya shukrani.