Kijani Hadi Hospitali

Mvua ya jioni ilikuwa imeziba barabara za Auckland. Tavita, aliyekuwa zamu katika chumba cha kuongozea taa za barabarani, aliliona kwenye skrini gari la wagonjwa limenasa katikati ya foleni.

Dereva wake akaita redioni. "Kaka, nifungulie njia! Huku nyuma nina mama, moyo unamgomea."

"Nimeshakuwashia kijani mpaka hospitali."

"Sasa mbona hatusogei?"

Taa zilikuwa kijani kweli, lakini magari yalikuwa yamebanana hadi darajani. Hata aliyetaka kupisha hakuwa na pa kwenda. Tavita akazifunga barabara zote za kando. Foleni haikutikisika.

"Shangazi Marama, nifanyeje?" akamuuliza msimamizi wake.

"Utafanya nini, mwanangu? Barabara imejaa. Taa haipanui lami."

Kwenye skrini, vimulimuli vya lile gari vikazimwa, nalo likabaki kwenye foleni kama mengine, halina haraka tena.

Tavita akazifungua barabara za kando, maana huko nako watu walikuwa wakipiga honi.