Hakuna wa Kumpokea Lugembe

Haya, tegua hiki: amesimama mlangoni kwake, na bado anauliza njia ya kwenda kwake. Nani huyo? Fikiri taratibu, hakuna anayekukimbiza. Umeshindwa? Basi nipe mji. Dar es Salaam siutaki, nimeshapewa na wengi. Nipe Tabora, maana jibu lenyewe liko huko, nyuma ya Kwihara, kwenye kambi ya watalii, hapo Veneranda anapomenyea viazi.

Alikuwa anamenya amekaa juu ya ndoo iliyogeuzwa, mgongo ameuegemeza kwenye gurudumu la lori. Viazi vya chipsi, maana wageni walikwisha kula ugali mara moja wakausifu sana, na Veneranda alijua kwamba chakula kinachosifiwa namna ile hakiombwi tena. Kiuno kilikuwa kinamuuma tangu Ugalla. Huko walikolala mwanzoni mwa safari, wageni waliwaona viboko na palahala, na mbung'o wakawaona wageni.

Ndivyo safari za kampuni iliyomwajiri zilivyopangwa: wanyama kwanza, utamaduni baadaye. Wanyama walikuwa Ugalla. Utamaduni ulikuwa hapa. Wageni walichezewa ngoma, wakaonjeshwa asali na michembe, yaani viazi vitamu vilivyokatwa vikaanikwa juani, kisha wakatembezwa kidogo kwenye njia ya zamani ya misafara, ile waliyopita wapagazi na pembe za ndovu kwenda pwani, na kurudi na marobota ya kitambaa. Wakishatembea, viti vya kukunja vilipangwa vikitazama kichaka, na wote wakakaa kumsubiri Lugembe.

Lugembe alikuwa mpagazi. Alikufa kwa ndui sehemu za Ugogo, enzi hizo za misafara, akiwa anarudi kwao Unyanyembe, na hakuacha kutembea. Kila magharibi alitokea kichakani, robota begani, njuga zikilia kifundoni, akauliza swali lake, akakosa jibu, akarudi kichakani kutafuta njia. Unyanyembe aliyokuwa akiiulizia ndiyo hapo hapo alipokuwa amesimama.

Hakukodiwa na mtu. Kiangazi kilichopita, alipotokea mara ya kwanza, kampuni ilidhani ni wa kikundi cha ngoma, kikundi cha ngoma kikadhani ni wa kampuni, na pande zote mbili zikaona ni kazi nzuri. Wakati ule hakuwa peke yake. Walikuja mstari mrefu, kila mmoja na mzigo wake, na kambi ilikuwa karibu na kijiji. Akina mama waliokuwa wanatoka kuchanja kuni wakakutana na mstari ule, wakafanya anachofanya mtu yeyote aliyelelewa akiona mwenzake anakuja na mzigo. Walikwenda kuupokea.

"Poleni na safari," walisema. "Mmefika."

Kila aliyepokewa alishusha pumzi, akanyoosha mgongo, na hakuonekana tena, yeye na mzigo wake. Mama aliyempokea alibaki na harufu ya kitambaa kipya viganjani, akajitwika kuni zake akaenda kupika.

Hivyo mstari ukapungua, leo wawili, kesho mmoja, mpaka mwenye kampuni, Madamu Consolatha, akapanda gari kutoka Arusha akaja kutazama mwenyewe. Alimkuta Lugembe amebaki peke yake. Asubuhi iliyofuata akahamisha kambi, akaisogeza ndani ya pori mbali na njia ya kuni, kisha akawaita wafanyakazi. Hakugomba. Alisema kuanzia siku ile ni marufuku kumpokea yule mtu mzigo, na ni marufuku kumwambia yuko wapi.

"Wageni wanamfuata yeye," alisema. "Akifika kwao, na sisi kila mtu atarudi kwao. Mmenielewa?"

Walimwelewa. Walikuwa wameshaonja. Kabla ya Lugembe, watalii walikwenda Serengeti moja kwa moja, na Tabora waliiona kwenye ramani. Ngassa, dereva, alikuwa amerudi kwao Nzega kuendesha lori la pamba ambalo breki zake alizisimulia kama mtu anayesimulia ugonjwa. Veneranda alikaa masika mazima kwa dada yake Bukene, akikaanga maandazi pale stesheni na kuisubiri treni ambayo haikuwa na haraka naye. Binti yake, Elieth, alirudishwa nyumbani kutoka chuo cha uuguzi kwa kukosa ada. Alikaa pembeni ya karai, akageuza maandazi, wala hakulalamika, na kule kutolalamika ndiko kulikomchosha mama yake kuliko moshi. Sasa Elieth alikuwa chuoni tena. Kila akipiga simu aliuliza kwanza, "Mama, wageni wapo?" Shikamoo ilikuja baadaye.

Kulikuwa na jambo jingine, nalo walilijua pole pole. Kila Lugembe alipopigwa picha, mzigo wake uliongezeka uzito. Si kwa wingi, ni kama mtu aliyetupia konzi ya mtama juu ya gunia. Lakini picha zilikuwa nyingi. Ngassa, ambaye macho yake yamezoea kusoma alama za magurudumu, alisimama asubuhi moja akaziangalia nyayo za Lugembe kwenye mchanga.

"Mwaka jana alikuwa anakanyaga kama mtu," alisema. "Siku hizi anazama kama scania."

Akachukua koleo akazifukia, mgeni asije akateguka mguu.

Basi siku hiyo Veneranda alipokuwa akimenya, Saidi alikuja jikoni na kikombe kitupu. Saidi ndiye aliyekuwa akiongoza wageni. Mtu wa Kisarawe, Mzaramo, kwa hiyo yeye na Veneranda walikuwa watani, kama walivyo watu wa pwani na Wanyamwezi tangu misafara hiyo hiyo.

"Wewe Mnyamwezi, chai iko wapi?"

"Iko Bagamoyo. Nenda kaifuate kwa miguu."

"Kwa miguu ni kazi yenu. Ninyi hata tumboni mnakaa bega moja liko chini."

"Na ninyi mnazaliwa mmekaa mkekani, mnauliza Mnyamwezi ameleta nini."

Waliyasema haya bila kucheka, kama mtu anavyofagia uwanja aliokwisha kuufagia jana. Veneranda akamjazia kikombe. Saidi akachuchumaa kando yake.

"Madamu anakuja leo na wale mawakala wanaoleta wageni," alisema. "Wakimpenda Lugembe, mwakani tuna wageni kiangazi kizima. Wasipompenda, mama, tutafutane kwa simu."

"Watampenda. Nani asiyependa kumwangalia mtu anabeba?"

Saidi akapuliza chai. "Jana ameniuliza zile taa ni za nini."

Alimaanisha taa za Tabora mjini. Giza likianza kuingia, zilionekana vizuri kutoka pale, zimetandaa chini upande wa reli.

"Ukamwambiaje?"

"Nikamwambia kuna watu wanachoma mkaa." Akakizungusha kikombe mkononi. "Bibi yangu alikuwa anasema, Mnyamwezi akikufia mikononi, wewe mtani ndiye wa kumsimamia maziko yake. Mimi namsimamia picha."

"Kunywa chai, Saidi. Inapoa."

Madamu Consolatha alifika jua likiwa linaelekea kuzama, pamoja na mawakala wawili waliovaa kofia mpya. Alimsalimu kila mtu kwa jina, akamuuliza Veneranda habari za kiuno, akamletea na dawa ya kuchua. Hakuwa mtu mbaya. Viti viliongezwa. Ngassa aliwasha moto wa kuni kubwa, ule wa kupendeza, si wa kupikia. Wageni wakakaa, wakatayarisha simu zao na kamera.

Njuga zikasikika.

Lugembe alitoka kichakani akiwa ameinama kuliko jana. Kwa sura alikuwa kijana, umri wa kaka yake Elieth kama Elieth angekuwa na kaka, na mdogo sana kwa mgongo uliopinda vile. Alipita karibu na jiko, akamwona Veneranda.

"Shikamoo, mama," alisema.

"Shikamoo, baba," alisema Veneranda.

Hapo huwa wanakwama. Lugembe anamwona mama mtu mzima, Veneranda anamwona mtu aliyemtangulia kuzaliwa kwa vizazi kadhaa, na hakuna kati yao aliyewahi kuwa na uso wa kuitikia marahaba. Huinamishiana vichwa, wakapishana.

Akasimama mbele ya moto. Kamera zikaanza kulia. Veneranda, kutoka kwenye sufuria yake, aliona miguu ya Lugembe ikididimia mchangani, mpaka njuga zikafunikwa na zikanyamaza.

"Jamani," alisema Lugembe, "Unyanyembe bado mbali?"

Saidi akawatafsiria wageni kwamba mpagazi anaulizia njia ya kwao. Walipenda. Mwanamke mmoja alifuta machozi, akapiga picha nyingine. Wakala mmoja aliuliza kama anaweza kulirudia swali, maana mwenzake alikuwa anabadilisha betri. Saidi akamwomba. Lugembe alikuwa mtu mwenye adabu, akauliza tena.

Hakuna aliyemjibu. Madamu akapiga makofi mara moja, kwa upole, akasema chakula kiko tayari, na wageni wakainuka kwenda kwenye hema la kulia. Madamu na wale mawakala walikwenda wakicheka. Ilionekana wamempenda.

Siku nyingine Lugembe angegeuka arudi kichakani. Safari hii alichomoa mguu mmoja mchangani, akauchomoa wa pili, akaanza kuja taratibu upande wa jiko, akasimama mbele ya Veneranda. Mikono yote miwili ilikuwa imeshikilia robota. Jasho lilikuwa linamdondoka kidevuni na hakuwa na mkono wa kulifuta.

Veneranda alimfuta kwa upindo wa kanga. Kisha akachukua michembe iliyobaki kwenye bakuli la wageni, ambao walionja na kurudisha, akamlisha kipande mdomoni kama anavyolishwa mtoto.

Lugembe alitafuna muda mrefu.

"Hii ni ya kwetu," alisema.

"Ni viazi tu, baba."

"Mke wangu hukausha hivi hivi. Anakata nyembamba. Nilimwambia nitarudi kabla ya kupanda."

"Anaitwa nani?"

"Sayi." Alimeza. "Robota ni la mwenye msafara, lakini nimemchomekea Sayi shanga za buluu hapa juu. Nikitua tu, anaziona kabla hajanisalimia. Atasema nimechelewa. Ana maneno, yule."

"Wanawake wa kwetu tuna maneno," alisema Veneranda.

"Mnayo."

Akampa kipande kingine. Saidi alikuwa amekuja kuchukua chipsi za wageni. Aliwakuta wamesimama hivyo, akabaki na sinia mkononi, hasogei mbele wala nyuma.

Lugembe akashusha sauti. "Mama, yule kijana wa pwani ananificha. Wale wageni hatusikilizani. Wewe unasema kama watu wa kwetu, na chakula chako ni cha kwetu. Nimechoka, sikufichi. Niambie tu nijue kama nijikaze au nikae. Unyanyembe bado mbali?"

Mikono ya Veneranda iliinuka yenyewe. Alipokuwa mdogo, mama yake alikuwa anampiga kofi la mgongo akimwacha mtu aingie uani na mzigo bila kukimbilia kuupokea, na mikono iliyofundishwa hivyo haingoji kuambiwa. Ikafika kwenye robota. Aliligusa kwa vidole tu, akausikia uzito wake wote, wa kitambaa na wa picha, ukishuka mpaka kwenye kiuno chake. Ilibaki kuinua kidogo tu. Na maneno yenyewe hayakuwa mengi, akina mama wa kuni waliyasema bila kusimama.

Alimtazama Saidi. Saidi alitazama chipsi.

Kutoka kwenye hema la kulia ilisikika sauti ya Madamu ikiwaeleza mawakala habari za mwakani. Ngassa alikuwa anapangusa kioo cha lori, na aliendelea kupangusa mahali pale pale. Veneranda alimwaza Elieth na sare yake nyeupe, ambayo alikuwa anaifua kila jioni kwa sababu alikuwa na moja.

Aliangalia bega la Lugembe. Ngata iliyokuwa chini ya mzigo ilikuwa imelika yote, robota limekaa juu ya mfupa. Alivua kitambaa chake cha kichwani, akakisokota kikawa ngata nene, akamwambia ainame kidogo. Akaisukumiza chini ya robota pole pole, akaiweka sawa ili isimchubue, akajaribu kwa kiganja kama imekaa.

Halafu akamjibu.

"Bado kidogo, baba."